Mama Hakuuona Mguu wa Rubani

Mama hakuwahi kuendesha gari maisha yake yote, lakini hakuna gari alilopanda ambalo hakuliendesha. Alikaa kiti cha abiria, mkoba mapajani, mguu wa kulia ukifanya kazi. Mbele kukiwa wazi alikanyaga mafuta. Lori likichomoka upande wa Eneo la Viwanda alikanyaga breki. Raba ya sakafu kwenye pikapu ya kakangu ilikuwa imetoboka upande wake, na upande wa dereva ilikuwa nzima kabisa. Kaka alikuwa akisema kwamba siku moja mama angefika Ruiru yeye dereva akiwa bado Thika.

Na macho yake hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwenye mguu wa dereva. Mama alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na huko alizoea kumwangalia mtu aliyesimamia mashine kuliko mashine yenyewe. Dereva yeyote mama alimpima kwa mguu kabla ya kumtazama usoni. Aliyekanyaga kwa pupa, mama hakupanda gari lake tena, hata kama alikuwa mzee wa kanisa.

Basi dadangu, aliyekuwa nesi Uingereza, akajifungua mtoto wa pili, msichana. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Na si jina tu, watu husema huyo nyanya mwenyewe ndiye aliyezaliwa. Msichana wa kwanza alipokuja, mama alifurahi, akaomba picha, akasema huyo aendewe na mwenyewe, nyanya wa upande wa baba. Huyu wa pili sasa alikuwa yeye. Alizunguka mtaa wetu wa Kamenu wote akiwaambia watu kwamba amezaliwa Uingereza na ana nywele nyingi. Wanawake wa kanisa wakaanza kuleta unga wa uji, na njahi, yale maharagwe meusi, maana mzazi bila njahi hana maziwa ya maana. Dada akatuma tikiti. Mama akaigeuza mbele na nyuma, akaichomeka nyuma ya saa ya ukutani, akatangaza kwamba haendi.

"Unaogopa kuanguka?" nikamuuliza.

"Kuanguka ni nini? Hata kwa ngazi watu wanaanguka."

"Sasa shida ni gani, mami?"

"Nimeambiwa dereva anakaa huko mbele kwa chumba yake, mlango imefungwa. Nitaona mguu yake aje?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka hata kidogo. Siku zikasogea, njahi zikajaa ndoo, na begi lilikuwa bado tupu chini ya kitanda. Hapo kicheko kiliniisha. Nilikasirika kwelikweli. Mtoto amezaliwa yeye, tikiti imekuja, halafu safari nzima ikwame kwa sababu ya mguu wa mtu asiyemjua! Nikamwita kaka.

Kaka alikuwa fundi wa ndege katika uwanja wa Nairobi, na hakuna harusi aliyohudhuria bila wageni wote kurudi kwao wakijua hivyo. Alikuja kutoka Ruiru Jumapili baada ya kanisa, bado amevaa suti, akala irio, akaongezwa, kisha akaanza kupanga jikoni kwetu upya. Aliweka viti viwili mbele ya dirisha, bega kwa bega. Katikati akaweka ile ndoo ya njahi na kuchomeka miko miwili, ikasimama wima.

"Wewe ni captain," akaniambia, "kaa kushoto. Mami, wewe ni co-pilot."

Mama alikaa, akajifunga leso vizuri, kisha mguu wake wa kulia ukaanza kutafutatafuta sakafuni.

"Mafuta iko wapi?"

"Kwa ndege hakuna mafuta ya mguu, mami. Hizo za mguu zinageuza mkia, na ziko na breki ya kutumia mkiwa chini."

"Sasa huko juu wanakanyaga nini?"

"Hawakanyagi. Wanasukuma na mkono."

Mama akauangalia mguu wake kwa huruma, kama mtu amwangaliaye mwenzake aliyeachishwa kazi. Miaka yote hiyo ya uzoefu ilikuwa imepotea hivi hivi.

Kaka akaeleza kwamba mwiko mmoja ni wa injini ya kushoto na mwingine wa injini ya kulia. Ukisukuma mbele, injini inavuta kwa nguvu. Ukirudisha nyuma, inatulia. Hapo mama alikubali. Tatizo lilikuja kaka alipofika alipotaka kufika tangu mwanzo.

"Lakini rubani hakai safari yote akisukuma akirudisha. Iko kitu inaitwa autothrottle. Captain anazungusha kidude hapa mbele, anaiambia spidi yenye anataka. Kompyuta inachunga hiyo spidi. Sasa ndege ikianza kupanda..."

"Kupanda mlima gani huko juu?"

"Ikiinua pua, mami. Ikiinua pua, spidi inataka kupungua. Kompyuta inaona, inatuma kamota kadogo kako huku chini, hako kamota kanasukuma hizi throttle, hii miko yetu, mbele. Ikishusha pua, kanazirudisha. Unaziona zikitembea na hakuna mtu amezishika."

"Ngai! Na unaziona zikitembea hivyo na hukimbii?"

"Nikimbie niende wapi? Ndio kazi yangu. Sasa mimi ndio kompyuta."

Mwanamume mzima akapiga magoti nyuma ya ndoo na suti yake ya Jumapili. Nilimtajia spidi, mama akainua pua ya ndege kwa kunyoosha shingo, na kaka akasukuma miko taratibu, mdomo ukinguruma. Mama akashusha shingo, miko ikarudi. Akainua tena kwa ghafla kuona kama kompyuta imelala.

"Na captain akikataa?" mama akauliza.

"Anashika tu, anasukuma anavyotaka. Mkono ya mtu inashinda kamota. Ama anafinya kaswichi hapa na kidole gumba, kompyuta inawacha, kazi inarudi kwake."

Mama hakungoja aambiwe ajaribu. Alishika mwiko wake, kompyuta ikasukuma huku, yeye akavuta kule, na njahi zikamwagika mpaka chini ya kabati. Mkono wa mama ulishinda. Kaka alisema ni kwa sababu yeye hakutumia nguvu zote.

Angenyamaza hapo tungekuwa tumemaliza. Lakini kaka na kunyamaza hawajawahi kupatana. Akaongeza kwamba ziko ndege nyingine, za kampuni nyingine, ambazo hizo throttle hazitembei. Rubani anaziweka mahali pake, zinakaa papo hapo, na kompyuta inazungumza na injini kwa waya. Nguvu inapanda na kushuka, na throttle imetulia tu.

"Haitembei?" mama akauliza polepole.

"Haitembei. Unaangalia geji. Na ni salama vilevile, ni vile tu wametengeneza."

"Unaniambia kitu imesimama na ndege inakimbia?"

Nilimtolea kaka macho. Akababaika, akakohoa, akasema marubani wenyewe hubishana kuhusu jambo hilo, wengine wanapenda kuziona zikisogea, wengine wanasema macho yakae kwenye geji. Kisha akakumbuka kilichomleta. "Lakini ya kwako zinatembea, mami. Hiyo ndege naijua. Nimeifungua, nimeifunga."

Mama aliokota njahi zilizomwangukia mapajani na kuzirudisha ndooni. Halafu akauliza swali lililomfanya kaka asimame kutoka magotini.

"Hizo zikitembea zenyewe, mkono ya captain iko wapi?"

"Wakati wa kuruka iko juu yake," kaka akajibu, na safari hii hakuwa akijigamba. "Anasukuma kidogo, anangoja injini zote mbili zilingane, anafinya kaswichi kengine, kompyuta inamalizia. Lakini mkono hautoki hapo. Kukitokea shida, anazirudisha zote nyuma na mnasimama. Sasa kuna spidi wamehesabu kabla. Mkifika hiyo spidi, mwenzake anamwitia, na captain anatoa mkono."

"Anatoa?"

"Anatoa kabisa. Barabara yenye imebaki haiwezi tosha kusimama. Hapo ni kwenda, hata injini moja ikikataa, nyingine itawapandisha. Akiacha mkono hapo anaweza shtuka azirudishe, na hiyo ndio mbaya."

Tukajaribu. Mimi captain, mkono juu ya miko. Kaka akanguruma, mama akiangalia dirishani kana kwamba lami inapita chini yake. "Toa!" mama akaita. Nilichelewa. Tukarudia, nikachelewa tena. Sijui kwa nini, mkono ulikuwa umezoea mwiko.

"Huyu angekuwa ashatuingiza kwa shamba ya kahawa ya watu huko Ruiru," kaka akasema.

"Captain gani huyu anang'ang'ana hivi?" mama akasema, na akacheka, akacheka mpaka leso ikafunguka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tikiti ije. Alipomaliza alinyanyuka, akaenda kwenye saa ya ukutani, akaitoa tikiti akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akanituma nilete begi.

Hapo nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini tangu baba afariki tulikuwa tukikaa wawili tu, mama na mimi kitindamimba, na usiku wa kufunga begi nilihisi nyumba imeanza kuwa kubwa. Nilimkumbusha blanketi. Nilimkumbusha dawa. Nilimkumbusha blanketi tena, akaniambia niende nikalale.

Siku ya safari tulimsindikiza ukoo mzima, na wanawake wa kanisa wakaomba pale uwanjani ombi refu lililotaja injini zote mbili, maana mama alikuwa ameshawafundisha. Tukafika kwenye mlango ambao wasiosafiri hawapiti. Mama alikuwa na begi la njahi mkono mmoja. Mkono wa pili nilikuwa nimeushika mimi. Nilifikiri ninamsaidia kutembea.

Askari akaiangalia tikiti, akamwonyesha njia. Mama akapiga hatua moja na kukwama. Akageuka, akautazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi.

"Captain," akasema kwa sauti ya chini. "Toa."

Nikatoa. Akapita na njahi zake, mgongo wima, na hakugeuka tena.

Tulipanda juu pale watu walipokuwa wakisimama kupunga mikono. Ndege ilipoanza kukimbia, kaka alikuwa kando yangu akitangaza kama redio: injini zimelingana, kompyuta imechukua, mkono bado uko, bado uko, ametoa. Ikainua pua, ikapanda juu ya nyasi kavu, na mimi nikalia bila kujificha.

Kaka alinipa kitambaa chake cha mfukoni. Kisha macho yake yakashuka mpaka miguuni pangu, akaanza kucheka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga simiti kwa nguvu zangu zote.

"Hiyo ni mafuta ama ni breki?" akaniuliza.

Hata mimi sikujua, lakini nilizidi kukanyaga.