Mwanamke Juu ya Mti wa Mzee Gitobu

Mwaniki alipoandika neno STUDIO juu ya mlango wake pale Makutano, Meru, alidhani amejieleza. Kumbe alikuwa amejitafutia adhabu. Tangu siku hiyo halikupita juma bila familia fulani kuingia, imeoga, imejipaka mafuta mpaka magotini, baba amefunga tai, na kujipanga ukutani ikingoja kupigwa picha.

"Hapa tunachora," Mwaniki alikuwa akiwaambia.

"Basi chora haraka, tuna gari la saa sita."

Akiwaeleza kwamba picha moja huchukua siku nne au tano, baba mwenye tai humtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayelima kwa kijiko. "Fundi," humwambia taratibu, "nunua kamera."

Mwaniki alikuwa mtu wa Mbeere, upande wa Kiambere, na umri wake ulikuwa umeipita arobaini bila kugeuka nyuma. Miaka saba alichora vibao ukingoni mwa barabara mjini Embu: vichwa vya vinyozi, ng'ombe wa mabucha wanaotabasamu kama hawajui mambo, na mishale ya kuelekeza watu vyooni. Juani, kwenye vumbi la malori, rangi mbichi ikinasa kila kinachopita. Ndipo akaokota kwa muuza vitabu vikuukuu kitabu kimoja kisicho na jalada, na humo akasoma kwamba mchoraji wa kweli huhitaji chumba chenye dirisha la kaskazini, kwa sababu jua haliingii humo moja kwa moja na mwanga wake hutulia. Alilitafuta dirisha hilo kama wengine wanavyotafuta mke. Akalipata Makutano, nyuma ya jengo la Mzee Gitobu.

Mwandishi wa kile kitabu, ni wazi, hakuwahi kufika mahali ikweta inapopita. Hakujua kwamba huku kwetu jua hulala kusini nusu mwaka na kaskazini nusu mwaka, kama mume wa wake wawili. Ilipofika Mei, Mwaniki alijikuta anachora huku amefumba jicho moja. Hakuhama. Kutoka dirishani alikuwa akiona kamba ya nguo, mlango wa choo cha baa ya jirani, na siku zisizo na mawingu, mbali kabisa, vilima vya Nyambene. Alijifunza kuangalia juu ya choo.

Mapatano yake na Mzee Gitobu yalikuwa mepesi. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa miraa, mzaliwa wa Mikinduri, mwenye tumbo la mtu aliyemaliza kukimbia. Mwaniki angekaa chumbani, na badala yake angeandika na kutunza kila kibao cha jengo lile. Mambo yakaenda hivyo hadi Januari ya mwaka wa tisini na sita, mzee alipoamua kufungua hoteli kwenye vyumba vya mbele.

"Nataka picha kubwa," alisema, na wapagazi wakaingiza ubao mrefu kama mlango wa ghala. "Mavuno ya miraa. Ule mti wa babu yangu, mbaine kabisa, mti wa zamani. Mtu yuko juu anachuma. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikiipenda, kaa hapa mpaka uzeeke. Nisipoipenda, hiki chumba ni stoo ya unga."

Kuanzia hapo Mwaniki alifanya kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kukaa kwenye kigoda na kutazama ubao mtupu. Siku ya kwanza mzee alichungulia akaondoka. Siku ya pili aliingia.

"Umeanza?"

"Nimeanza, Mzee."

"Iko wapi?"

"Kichwani."

"Mimi nilinunua ubao," alisema Mzee Gitobu. "Kichwa sikununua."

Ingekuwa rahisi zaidi kama kichwa kingeachwa kifanye kazi yake. Lakini upande wa pili wa ukuta, ambao ulikuwa plaiwudi tu, alikaa Riungu, fundi wa redio, mwenye imani kwamba redio haijapona mpaka isikike hadi mji wa Nkubu. Mwaniki alikuwa akitafuta rangi ya majani huku akisomewa matangazo ya vifo. Na pembeni mwa studio kulikuwa na jerikeni, chupa za chai na vikombe vya Kiende, mama wa uji, ambaye miaka miwili iliyopita aliomba kuacha vitu vyake "kwa siku moja tu."

Ilikuwa asubuhi ya tatu. Kiende, ambaye watu humwita Mama Kinya, aliingia bila kubisha, akanyoosha mkono kutoa kikombe kwenye msumari ulio juu ya dirisha. Kichwa kimerudi nyuma, leso imeteleza, mwanga umekaa kwenye taya na kushuka shingoni kama maji.

"Simama hapo hapo!" Mwaniki akapiga kelele.

Kiende akaganda. "Ni nyoka?"

"Hapana. Usisogee."

"Kama si nyoka, fundi, mkono wa mtu unachoka."

Alisogea, bila shaka, maana wateja walikuwa wakingoja uji. Lakini alirudi saa nne, na asubuhi tatu zilizofuata, akasimama dirishani mkono juu, akilalamika tangu aingie hadi atoke. Alilalamikia bega. Alilalamikia harufu ya tarpentaini iliyokuwa ikiingia kwenye uji, na wateja wakisema ana dawa mpya.

"Kwani hapa nachuma nini?" aliuliza siku ya pili.

"Utaona."

Mwaniki hakuwa akificha. Aliamini tu kwamba picha ikisimuliwa kabla ya kuchorwa huchacha. Kwa hiyo alimchora mwanamke kwanza, na mti akauacha wa mwisho. Kwa mti wenyewe alifanya bidii ya kupigiwa mfano. Alienda sokoni akauliza wachuuzi watatu kuhusu rangi ya gome, wekundu wa ncha za matawi, na jinsi shina la mti mzee linavyojipinda. Walimweleza yote. Kuhusu nani hupanda mti huo hawakumwambia neno, kwa sababu hakuna anayekukalisha chini kukuelezea kwamba mbuzi hatagi mayai.

Na yeye hakuuliza, kwa sababu alijua tayari. Kwao Mbeere kuna muguka, ambao ni ndugu mfupi wa miraa, kichaka cha kufika kiunoni. Mama yake aliuchuma, shangazi zake waliuchuma, mtoto mgongoni na umbea mdomoni. Maishani mwake hakuwahi kuwazia mchumaji asiyevaa leso.

Alhamisi alasiri mti ulikamilika. Mwaniki alirudi nyuma hatua tano, hadi mgongo ukagusa plaiwudi ya Riungu, akatazama. Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya matawi, uso juu, mkono ukifikia ncha nyekundu kana kwamba anapokea kitu alichoahidiwa zamani. Mwaniki alikuwa amechora mamia ya ng'ombe wa bucha. Alijua tofauti. Kwa mara ya kwanza tangu akisome kile kitabu, aliona kwamba hakikumdanganya.

Saa kumi Mzee Gitobu akaja, pamoja na mzee mwenzake aitwaye Muthamia. Walisimama. Hata redio ya Riungu ilinyamaza, lakini hiyo ilikuwa ni betri.

"Huyu ni nani?" Mzee Gitobu akauliza.

"Ni mchumaji, Mzee."

"Ni mwanamke."

"Ndiyo."

"Juu ya mti wa babu yangu."

"Na si mwanamke tu," Muthamia akasema, akisogeza miwani. "Huyu ni mama wa uji."

Wakamweleza, kwa zamu, kwa sauti ya watu wanaomweleza mgeni kwamba maji hulowesha. Huku mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa. Hauchumi, na mti wa mbaine hata shina lake haligusi. Akipanda, mti unakauka. Babu hakuwahi kuona jambo hilo, baba hakuwahi, na sasa wateja wangeliona wakila chapati.

"Lakini ni mti wa rangi, Mzee. Hauwezi kukauka."

"Wateja wangu si wa rangi," alisema Mzee Gitobu. "Wewe umetoka wapi? Ai! Hakuna mtu alikwambia?"

"Kwetu akina mama ndio huchuma."

"Kwenu mnachuma magugu."

Muthamia akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee Gitobu hakucheka. "Toa huyo mama. Weka mwanamume. Kesho jioni nachukua ubao, ama wewe unachukua mikebe yako." Mlangoni aligeuka. "Mkono umeuchora vizuri. Mpe mwanamume huo huo."

Kabla Mwaniki hajapata kuketi, Kiende alikuwa ameshaingia. Makutano habari haihitaji redio.

"Umenipandisha wapi?"

"Mama Kinya, sikujua."

"Fundi, mimi ni mtu wa Mikinduri! Nina kaka wanne wenye miti. Mti mmoja ukikosa mvua watasema ni mimi. Krismasi nitaenda kula kwa nani, kwa Riungu?"

"Karibu sana hapa kwangu," Riungu akasema kupitia plaiwudi. "Fundi, mwekee masharubu tu. Kazi imeisha."

"Masharubu kwa uso wangu? Jaribu, nikumwagie jerikeni nzima. Nitoe hapo!"

Usiku ulipita, wa Mwaniki haukupita. Asubuhi alikaa kwenye kigoda, na safari hii hakuna aliyemuuliza kama ameanza. Angeweza kuugeuza mti uwe mpera, lakini Mzee Gitobu hakutajirika kwa mapera. Angeweza kukataa, achukue mikebe yake na heshima yake, arudi barabarani Embu, ambako heshima hukauka pamoja na vumbi. Ubao wenyewe ungebaki kwa mzee na kupakwa chokaa. Kwa vyovyote mwanamke wa pichani hakuwa na siku mbili za kuishi. Kilichobaki kuamuliwa ni nani angebaki na dirisha.

Akachukua brashi pana, ile ya kupaka milango.

Alianza na miguu, akapanda polepole, akauacha uso mpaka saa nane mchana. Kisha akaufuta pia. Alikuwa hana muda wala hamu ya kubuni uso mwingine, kwa hiyo aliweka ule ambao mkono wake ungeuchora hata akiwa amelala: kichwa nambari tatu cha kibao cha kinyozi, kimenyolewa pembeni, njia imepigwa kushoto. Juu ya mti wa miaka mia sasa alikaa kijana aliyetoka kunyolewa dakika hiyo hiyo, akitazama upande, bila habari na kinachochumwa na mkono wake.

Mzee Gitobu aliupokea ubao kama mtoto wa kiume. "Sasa hii ndiyo picha!" Muthamia akaongeza kwamba kijana huyo amefanana sana na marehemu mjomba wake, hasa kichwa. Ukabebwa mbele. Chumba kikabaki kwa Mwaniki, mpaka azeeke, na alihisi kwamba shughuli hiyo imeshaanza.

Jumamosi, wakati wa ufunguzi, watu walikula pilau na kusifu nywele. Kiende alienda kutazama, akarudi studio akitembea kama mtu anayeenda kituo cha polisi.

"Umenitoa."

"Si wewe ulisema nikutoe?"

"Nilisema unitoe mtini. Sikusema unitoe duniani!"

Mwaniki aliweka brashi chini.

"Asubuhi nne nimesimama hapa," Kiende aliendelea, na sauti ikapungua, jambo lililomtisha Mwaniki kuliko jerikeni. "Bega linauma mpaka leo. Hakuna mtu amewahi kunitazama muda mrefu hivyo isipokuwa daktari, na yeye alikuwa anatafuta ugonjwa. Niliingia kabla hujachora huo mti. Nilijiona. Nikasema, kumbe. Halafu naenda leo nakuta kinyozi."

Akachukua vikombe vyake, akaviangusha viwili, akatoka.

Jumatatu Mwaniki alisogeza mikebe iliyoegemea ukuta wa kando ya dirisha, akapiga ukuta brashi, akaupaka rangi nyeupe mara mbili. Haukuwa ukuta wake. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa alikuwa amechoka kabisa na majibu ya watu. Kiende alipoingia, alimwambia, "Simama pale."

"Na mti?"

"Hakuna mti."

"Basi mkono unafanya nini juu?"

"Unatoa kikombe."

Kiende alifikiri. "Hicho kweli natoa kila siku," alisema. "Kwa hicho hata kaka zangu hawana neno." Akaweka jerikeni chini, akanyoosha mkono.

Siku ya tatu ya kazi hiyo, Mzee Gitobu alikuja na bwana mmoja wa kumuuzia unga. Hoteli ilikuwa imejaa kuliko alivyotarajia na, kusema kweli, alikuwa ameanza kuifikiria upya ile ahadi ya kuzeeka. Aliingia akipima sakafu kwa hatua, moja, mbili, tatu. Alipofika ya nne akainua macho.

Ukutani Kiende alikuwa mkubwa kuliko Kiende, kutoka sakafuni hadi karibu na mabati, uso umekamilika, mkono bado unangoja vidole. Mzee alimtazama wa ukutani, akamtazama wa dirishani, akarudi kwa wa ukutani. Akakaa hapo muda mrefu kwa mtu mwenye biashara.

"Hujamweka kwa mti," alisema mwishowe.

"Hapana, Mzee."

Bwana wa unga akakohoa. "Magunia tungeyapanga huku, kwenye ukuta."

"Ukuta upi?" Mzee Gitobu akafoka. "Huoni kuna mtu? Nani ataegemeza magunia kwa mama wa watu?" Kisha akamgeukia Mwaniki, amekasirika kama mtu aliyeporwa mchana peupe. "Umeniharibia stoo."

Akatoka, bwana wa unga nyuma yake. Mwaniki alibaki ameshika brashi, akimtazama mlangoni. Kumbe chumba kingeweza kupatikana hivi, na yeye Ijumaa ile alikuwa amekilipia kwa uso mzima. Alitaka kuketi kidogo alifikirie jambo hilo.

"Fundi," Kiende akasema kutoka dirishani, "mkono unauma. Unachora ama unaomboleza?"