Pazia Lililokwenda Getini

Alhamisi jioni uchochoro wetu hunyamaza. Zamani, saa kama hiyo, kicheko cha Dobi kilitoka dirishani kabla mzaha haujaisha, nasi majirani tukajua kwamba yule mwenye nyumba bahili wa kwenye televisheni amebanwa tena na wapangaji wake.

Dobi, mwanamke tuliyemwita hivyo kwa kazi yake ya kufua na kupiga pasi, aliishi na dada yake katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Waligombania kitanda cha marehemu mama yao mpaka wakakiuza, na tangu hapo hawakusemezana. Hata pazia lilikuwa na sura mbili: upande wa Dobi maua, upande wa dada mistari, maana hakuna aliyekubali kutazama kitambaa cha mwenzake. Mwenye shida alisema na vyombo.

"Ewe pasi," Dobi alisema huku akinyoosha kola, "mwambie huyo wa ng'ambo moshi wa jiko lake unachafua mashuka ya watu."

"Sufuria," dada alijibu, "mwambie yalikuja machafu."

Alhamisi tu pazia lilivutwa kando, kwa sababu televisheni ilikuwa moja. Walicheka pamoja bila kutazamana. Kisha pazia likarudi.

Siku kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba kichekesho hicho cha Alhamisi kinafutwa, Dobi alizima pasi katikati ya shati la mteja, akapita mlango hadi mlango kutuita twende getini kwao kulalamika. Wapo waliomcheka: mtu mzima, kulilia igizo. Mimi niliyeishi nao ukuta kwa ukuta nilijua kinachofutwa. Ilikuwa saa pekee ambayo ndugu wale walikaa upande mmoja.

Bango hatukuwa nalo, na kila shuka chumbani mwa Dobi lilikuwa la mteja.

Ndipo dada yake akapanda kigoda akaling'oa pazia, kamba na yote. Hakusema na sufuria.

"Haya, mdogo wangu. Andika kwako, nami niandike kwangu."

Kwenye maua Dobi akaandika kwa rangi: RUDISHENI KICHEKESHO CHETU. Kwenye mistari dada akaandika: HATUONDOKI.

Getini mlinzi alijaribu upole. "Mama zangu, mkurugenzi anasema kipindi hakina watazamaji."

"Na sisi ni akina nani, mwanangu, majini?" dada akauliza.

"Anasema mtachoka."

"Mwambie mkurugenzi wako, huyu dada yangu nilimnunia miaka, tukilala chumba kimoja," Dobi akasema. "Itakuwa yeye, nisiyemjua?"

Watu wakaangua kicheko, mlinzi naye akageuka kuficha chake. Upepo ukalipiga bango.

"Dada, vuta kwako," Dobi akasema.

Kichekesho hakijarudi. Pazia nalo halijarudi chumbani. Kila Alhamisi jioni Dobi yuko kwenye geti la kituo, ameshika ncha moja, na dada yake ameshika ya pili.