Silabi za Kidevuni

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kiingereza kwa watu wazima pale Kisugu, niliwapigisha wanafunzi makofi. Unakata neno vipande vya sauti, yaani silabi, kisha kila kipande kofi moja. Hatukufika mbali. Msimamizi wa kituo alitoka ofisini amefura. "Mwalimu, hapa si harusi! Makofi basi!"

Nikahamia kidevuni. Weka kiganja chini ya kidevu, tamka neno: kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi. Kimya kabisa. Kesho yake msimamizi akachungulia mlangoni, akaona darasa zima limeshika tama. Akavua kofia kwa huruma. "Bambi, jamani, poleni sana. Nani amekufa?" Tulicheka hadi machozi, naye akacheka.

Mwanafunzi ambaye hakucheka sana ni Mama Sifa. Kwao Kongo alikuwa mkunga. Hapa alitembeza vitenge mtaa wa Katwe, na roho ilimuuma. Hospitali moja ilikuwa imemwita kwenye usaili wa Kiingereza, naye aliogopa neno moja kuliko maswali yote: pregnancy, yaani ujauzito. "Mwalimu, hii neno inanikatala mu kinywa," alilalamika. Kiswahili hupenda silabi iishie na irabu, kwa hiyo yeye alisema pe-re-ge-na-nsi, kidevu kikishuka mara tano. Zilitakiwa tatu tu: preg-nan-si. Nikamwambia kile kipande cha kwanza akifunge kama mlango, irabu isipate pa kupenya. Tulirudia hadi mate yakatukauka. Mimi mkaidi, yeye zaidi.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikakaa nje ya mlango uliokuwa wazi. Alipofika kwenye neno lile alikwama, mkono ukapanda kidevuni. Daktari mkuu akadhani amekata tamaa. "Pole pole, mama," akamwambia kwa upole. "Usihuzunike, tuna muda." Muda ndio aliouhitaji. Kidevu kikashuka mara tatu, kisha akaendelea bila kusimama.

Alitoka mbio. "Mwalimu, kazi niko nayo! Kesho niko naanza!" Nililia bila haya, pale pale mbele ya watu wa bodaboda.

Sasa nimestaafu, niko zangu Kasubi. Walimu vijana huja kuniuliza mbinu. Nawaambia mbinu ni nyingi, ila mtu mzima huona haya kukosea mbele za watu, kwa hiyo mheshimuni kwanza. Wengine huniuliza kazi ile ilinipa nini. Wapo watoto wengi mjini humu ambao mtu wa kwanza kuwapokea duniani alikuwa mwanafunzi wangu.