Nanga ya Kopo la Maziwa

Saruji mbichi ina harufu yake, ya baridi na ya vumbi kwa pamoja, na kila ninapopita mahali wanapojenga hapa Kasulu mjini, pua yangu hunirudisha kijijini kwetu, upande wa Mabamba, nyuma ya jiko la mama, ambako baba alichuchumaa akikoroga saruji kwa kijiti. Kando yake lilikuwepo kopo tupu la maziwa ya unga. Nilikuwa na miaka tisa, msichana mwenye maneno mengi kuliko kimo chake, na kazi ile yote ilitokana na kosa langu.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi na maharage kama watu wote, ila Jumamosi alikuwa mvuvi. Alikuwa na mtumbwi mwembamba wa watu wawili, ukikohoa unayumba, na aliutumia kuvua kambale mtoni Malagarasi, penye kina kirefu kando ya mafunjo. Nanga hakuwa nayo. Alifunga jiwe lolote la mtoni kwa kamba, jiwe likachomoka, mkondo ukamchukua, akarudi nyumbani amelowa na hasira zake. Mimi nilimsumbua kila wiki anichukue. Mwishowe, ili apate kupumzika na kelele zangu tu, akasema nikimpatia jiwe lenye kiuno, lisiloteleza kwenye kamba, tutakwenda wote.

Jiwe lenye kiuno nililijua. Lilikuwa jikoni kwetu. Bibi, mama yake mama, alivuka mpaka kutoka Burundi mama akiwa bado mtoto, na katika vyombo vyote vya nyumba aliyoikimbia alibeba jiwe dogo la kusagia, lile la kushika mkononi. Lile kubwa la kulaza chini halikubebeka. Mikono ya bibi, kisha ya mama, ilikuwa imelila jiwe lile katikati mpaka likabonyea pande mbili. Mama alilisagia ulezi wa uji wetu juu ya jiwe jingine aliloliokota huku, na akisaga aliimba. Jumamosi moja alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nililifungia ndani ya kipande cha gunia, nikakaza kamba kwa fundo nililolijua la kufungia mbuzi, nikampelekea baba mtoni kichwa kimenivimba. Hakufungua gunia kutazama. Tulivua asubuhi nzima, nikaona dunia yote ni yangu. Baba alipovuta kamba ili turudi, likaja gunia tupu.

Nilipomwambia lilikuwa jiwe gani, hakunipiga. Tulipofika alimwendea mama, aliyekuwa akichambua maharage uani, akamwambia, "Jiwe lako nimelichukua mimi. Limepotelea mtoni." Mama alimtazama, akanitazama mimi, akarudia maharage yake. Siku zilizofuata hakuimba. Angenichapa ningepata nafuu, lakini hakuniuliza kitu, nami, mwenye maneno yangu yote yale, nikafyata mdomo.

Baba alisema jiwe litatafutika tu kama mtumbwi utatulia palepale lilipozama, maana mkondo ule haukupi nafasi. Ndipo tukaanza nanga. Ilibidi iwe ndogo, ikae kati ya magoti bila kutubana, na ishike tope kwa makucha kuliko kwa uzito. Fundi baiskeli alitukunjia vipande vinne vya nondo kwenye moto. Baba akatoboa kitako cha kopo, akapitisha zile nondo, ncha zikachomoza chini zimepinda kuelekea juu, akasimika kitanzi cha chuma cha kufungia kamba, kisha akamimina saruji. Kazi yangu ilikuwa kuinyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima isipasuke, na sijawahi kuwa mtiifu vile tena. Mbele ya mtumbwi alifunga habu kuukuu, kile kitovu cha gurudumu la baiskeli, ili kamba ipite juu yake ikizunguka bila kusugua mbao, na kando yake kigingi cha kuifungia. Kamba iliyobaki ilikaa imeviringwa kwenye kijiti, haikututambalia tena miguuni. Nilijivunia nanga ile, halafu nikikumbuka ni ya nini, nilijuta upya.

Jumamosi tatu tulitafuta. Nanga ilishika tangu siku ya kwanza, mtumbwi ukasimama kana kwamba umepandwa. Baba alipapasa chini kwa upondo na kukokota ndoana kubwa, na kila jiwe lililogongwa lilinipandisha moyo kisha likaushusha. Jumamosi ya tatu mama alikuja. Aliyaogopa maji ya mto kuliko nyoka, lakini aliingia akakaa mahali pangu, mikono yote miwili imekamata kingo za mtumbwi, mimi nikabaki ukingoni. Baba alipapasa muda mrefu. Mto pale si mpana, nikamsikia mama vizuri.

"Inatosha, Baba Esta. Lile kubwa lilibaki Burundi, sijui nani analikalia. Hili najua liko wapi."

Jioni ile aliimba, na tangu hapo ulezi wetu ukaenda mashineni. Nanga ilibaki, baba akavua nayo miaka mingi bila kupelekwa na maji.

Sasa baba ametutoka. Mimi nanunua unga dukani, umefungwa kwenye mfuko, na wanangu hawaujui mlio wa jiwe juu ya jiwe. Mwaka jana nilikwenda kijijini nikamweleza mama ukweli. Mama akacheka, akaniita mwanawe kwa Kirundi.

"Mwana wanje, nilijua siku ileile. Wanaume wa kwetu hawagusi jiwe la kusagia, watachekwa. Baba yako hakujua hata ninaliweka wapi."

Nikamuuliza kwa nini basi alikaa kimya, akamwacha baba ahangaike na nondo na saruji.

"Nilikuwa nangoja useme wewe," akasema.

Hakunilaumu, aliendelea kumenya ndizi zake. Nilitoka nje nikalia. Nina nyumba nzuri kuliko waliyonilelea, na sijui kama ninayo hata robo ya walichokuwa nacho wale wawili, mmoja akajisingizia mbele ya mkewe, mwingine akangoja miaka yote ile. Mimi mwanangu akivunja kikombe, namtaka aseme kabla vipande havijatulia sakafuni.