Kicheko cha Chini ya Maji

Mtaani walimwita Cheka Kidogo, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Nusu ya kazi yake ya kupiga picha ilikuwa kamera, nusu ilikuwa mdomo. Ungeingia studio kwake na uso uliochacha kama maziwa ya juzi, ukatoka umeshika mbavu. Bwana harusi aliyenuna aliambiwa akae vizuri, maana hiyo ndiyo siku ya mwisho kusikilizwa. Watoto aliwaambia ndani ya kamera kuna nyani mwenye njaa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni mkewe. Kiharusi kilimpoozesha upande mmoja, shavu likalegea, maneno yakawa yanatoka moja moja kwa taabu. Tangu hapo, kamera ikiinuliwa tu anageukia ukutani. Cheka Kidogo alimaliza utani wake wote, wa kwake na wa kuazima, akaambulia patupu. Kuwachekesha watu baki maisha yako yote, halafu nyumbani huna kitu! Iliuma, acha tu.

Kisha mtaalamu wa viungo akamwanzishia mama huyo mazoezi katika bwawa la hospitali. Mume alikaa pembeni na taulo mapajani. Mkewe alipoinamisha uso majini kama alivyoelekezwa, naye akainama kuchungulia, na akaona, au alidhani ameona, lile shavu limenyanyuka. Maji yalikuwa yamelibeba, na kwa kitambo kidogo uso ukawa ule wa zamani. Hapo ndipo aliposhikwa na wazo. Alitaka picha moja tu ya mkewe akicheka, aitundike nyumbani, ili mke mwenyewe ajitazame na kujua kwamba bado yupo.

Akanunua kamera ndogo ya dijitali na kasha lake la plastiki la kuzuia maji, akaanza kujifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Maji hula rangi nyekundu, kwa hiyo kila aliyempiga picha alitoka wa buluu kama maiti. Akiwasha flashi, chembechembe zote za uchafu zinang'aa mbele ya uso wa mtu kama unga uliomwagwa. Akirudi nyuma apate mwili mzima, anapata ukungu. Ilimlazimu asogee karibu, pua kwa pua. Siku moja unywele mmoja ulinasa kwenye mpira wa kuziba kasha, maji yakaingia, kamera ikafa mikononi mwake. Akatafuta nyingine. Na kuogelea kwenyewe alikuwa hajui; alishika ngazi kwa mkono mmoja, akabana pumzi na kuzama, macho mekundu kwa dawa ya bwawa.

Lakini kilichomtesa zaidi ni kunyamaza. Aliwahi kujisahau akafungua mdomo atie utani, akanywa maji. Mtaalamu alicheka peke yake, kisha akamwambia kwa upole kwamba pale wanatafuta mguu, hawatafuti picha. Cheka Kidogo alitia pamba masikioni.

Ikafika siku mtaalamu alipomwachia mama asimame mwenyewe kwa mara ya kwanza, naye akarudi nyuma kidogo. Cheka Kidogo alikuwa ameshazama. Akamwona mkewe anateremka mbele yake, mkono mmoja umefunguka, macho yamemkazia yeye, mdomo wazi kabisa, mapovu yanapanda. Akabonyeza, akabonyeza tena. Mtaalamu akamnyanyua mama kwa makwapa, mama akakohoa sana. Kukohoa ilikuwa kawaida yake humo bwawani, na mumewe hakugeuka. Alikuwa kwenye ngazi, amekodolea macho kioo cha kamera, analia kwa furaha.

Akaitengeneza picha kwenye kompyuta, akarudisha wekundu mashavuni, akaichapa kubwa na kuiweka kwanza dirishani mwa studio. Wapita njia walisimama. Bibi harusi mmoja akaingia kuulizia kama naye anaweza kupigwa hivyo. Nyumbani mkewe alikuwa amekataa kurudi bwawani. Alisema "basi" tu, na mume akachukulia kwamba amechoka.

Siku aliyoileta picha nyumbani, alimwekea mapajani.

"Umeona ulivyocheka, mke wangu?"

Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Sikucheka," akasema. "Mguu... uliteleza. Nilikuwa nakuita."

Baadaye sana Cheka Kidogo akamuuliza mbona hakumwambia siku zote hizo. Mkewe alihangaika na ulimi kabla neno halijatoka.

"Ulikuwa umefurahi."

Mume akaichukua ile picha, akaenda nayo jikoni, akaketi. Alijua sasa, na alitaka macho yake nayo yajue. Akauziba mdomo wa mkewe kwa kidole, akayatazama macho peke yake, akiitafuta hofu. Aliitafuta sana. Kila alipoondoa kidole, mkewe alikuwa anacheka.