Mtutu Leo, Kitako Kesho

Kabla ya siku yangu ya kwanza kazini sikupata usingizi. Nilijiuliza: nikifunga boksi vibaya, likachanika njiani, bunduki ikaangukia mikononi mwa mtu asiyefaa, nitamjibu nini Mungu? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya biashara, na familia yetu ilikuwa imeukimbia mji wetu wa Bukavu kwa sababu ya bunduki. Sasa nilikuwa nakwenda kuzifunga mimi mwenyewe.

Karakana ilikuwa karibu na mtaa wa Newtown, katika mji wa ugenini tulikokimbilia. Tulitengeneza bunduki za marisau, za wawindaji na walenga shabaha, tukazisafirisha kupitia kampuni ya vifurushi. Meneja wa usafirishaji, Bwana Sohal, Singasinga aliyekulia Nairobi, alinipokea kwa Kiswahili. Alinifundisha kuhakikisha chemba ya risasi ni tupu, hata kama mwenzangu ameshahakikisha. Risasi hazikuingia katika mzigo kamwe. Juu ya boksi hapakuwa na neno wala picha ya kuonyesha kilichomo. Mpokeaji alikuwa muuzaji mwenye leseni, na leseni hiyo tuliithibitisha kwanza. Kisha akanipa amri ya karakana yetu: mtutu unaondoka leo, kitako na mtambo wa kufyatulia vinaondoka kesho. Visipande gari moja pamoja.

"Boksi moja ni chuma na mbao," alisema. "Mawili pamoja ni bunduki. Umeshika hiyo?"

Nilishika, tena kupita kiasi. Nilifungua upya maboksi niliyokwisha kuyafunga, mpaka wenzangu wakaniita Inspekta.

Mizigo yetu ilichukuliwa na Papa Byamungu, dereva wa kampuni hiyo ya vifurushi na mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyenitafutia kazi ile, na kampuni yake ilikuwa imemwidhinisha yeye peke yake kubeba mizigo yetu. Ijumaa moja, Bwana Sohal akiwa msibani Leicester, Papa aliniomba maboksi yote mawili ya mteja wa Scotland. Kesho yake wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake.

"Neema, mutoto yangu, kesho siwezi kuya. Unipe yote leo. Ni mi nilikuleta hapa, ama umesahau?"

"Sijasahau, Papa."

"Basi? Unazani mi ni mwizi?"

Hilo liliniuma. Mteja alikuwa ameahidiwa mzigo wote Jumatatu, nami nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Nani angejua? Lakini akilini nililiona gari limeegeshwa mtaa wa Digbeth, Papa akinywa chai, na mtu anavunja kioo.

"Wewe si mwizi," nilisema. "Ila gari linaweza kuibwa. Beba mtutu. Kitako kitaondoka Jumatatu. Kesho kaa na wageni wako."

"Na patron akikufukuza?"

Nililifungia boksi la pili stoo, nikampigia mteja simu, nikamweleza kwamba nusu ya mzigo itachelewa na kwamba aliyeamua hivyo ni mimi. Alikasirika, akataka jina langu amlalamikie meneja. Nikamtajia lote, herufi moja moja, nikangoja amalize kuandika.