Msumari wa Njia ya Kabazi

Mtasema mzee anazeeka vibaya. Semeni. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote, na pombe sijawahi kuionja. Kama ningekuwa natunga, ningejitungia sifa nzuri kuliko hizi mtakazosikia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Nilikuwa tarishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Subukia. Kila Jumanne nilipanda pikipiki yake hadi Nakuru kuchukua barua na dawa za ng'ombe, na kabla ya giza lazima niwe nimerudi, kwa sababu ya kafyu. Sasa tairi la nyuma likaisha. Fundi wa kwanza mjini akaniwekea eti jipya, kumbe lilikuwa limepasuka, ndani amelishindilia kipande cha tairi kuukuu na nje amelipaka rangi ya viatu. Wa pili akaniibia tyubu yangu nzima, akanirudishia yenye viraka sita. Mara mbili nikachelewa. Bwana akaniambia nikichelewa mara ya tatu nifunge virago. Mke wangu na watoto watatu walikuwa wakilala katika nyumba yake, kwa hivyo mnielewe niliposema moyoni kwamba lazima nipate fundi mwaminifu.

Jumanne moja nikirudi, ukungu umeshuka mpaka barabarani, tairi likapasuka kabla sijafika Kabazi. Nikasukuma. Nililia kidogo pia, na hilo silionei haya, haya zangu ziko mbele. Ndipo nikaona kibanda cha mabati kando ya njia, matairi yamening'inia mlangoni. Njia hiyo nilipita kila wiki na kibanda hicho sikuwahi kukiona. Lakini mtu mwenye pancha na kafyu atauliza?

Fundi alikuwa mtu wa makamo, ovaroli safi, hana maneno mengi. Alibandua tairi kwa vyuma viwili, akaingiza kiganja kitupu ndani, akapapasa polepole mzunguko mzima. Wale wa mjini hata mmoja hakufanya hivyo. Akatoa msumari uliopinda kichwa, akaniwekea mkononi.

"Fundi asiyekuonyesha msumari hajakutengenezea kitu," akasema.

Nikautupa kwenye nyasi. Akaleta tairi jipya kabisa, akapaka tyubu poda, akafunga. Mkono wake ulinigusa mara moja, ulikuwa baridi sana, lakini kwa ukungu ule nani hakuwa baridi?

Nilipotoa pesa alikataa. Alinipa kimoja cha vile vyuma vyake, kimechongwa msalaba mdogo kwenye ncha.

"Mke wangu yuko kambi ya vibarua hapo Kabazi, nyumba ya kwanza ukitoka barabarani. Mpe hiki. Mwambie niko nyuma ya duka, chini ya mgunga. Asiningoje tena."

Nikadhani analala huko nyuma. Nikamuuliza mbona haendi mwenyewe na si mbali. Akasema askari walimnyang'anya kipande, na bila hati hiyo Mwafrika hatembei. Siku zile jibu hilo lilitosha. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba ujumbe utafika siku hiyo hiyo.

Haukufika. Niliona jua linazama, nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikapita pale nikakuta mabati yaliyoungua, nyasi hadi magotini, na mgunga mmoja nyuma. Mchunga ng'ombe akaniambia duka lilichomwa mwaka uliopita, fundi akachukuliwa na watu wenye bunduki, na hadi leo hajulikani alipo. Mimi nilijua alipo.

Sasa niambie, ungefanya nini? Niende kwa mama wa watu nimwonyeshe maiti ya mumewe, halafu askari waniulize nimejuaje? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kupoteza kazi. Nikaficha chuma chini ya kiti cha pikipiki na kunyamaza miaka minne.

Na tairi lile, haki ya Mungu, halikuisha. La mbele nilibadilisha mara tatu. La nyuma lilibaki na meno yake yote. Kila Jumanne nikikaribia Kabazi, yule mama alisikia mlio wa pikipiki akatoka mlangoni, akaangalia ni nani, akarudi ndani. Nilisikia kwamba amekataa kurithiwa na shemeji yake, na kila jioni bado anamwekea mumewe chai. Kanisani walipotaka kumwombea kama marehemu, mama aliwauliza kaburi liko wapi. Basi nikajifunza kupita pale kwa kasi.

Kafyu ilipoondolewa ndipo nikapata ujasiri, ule wa mtu ambaye kuchelewa hakumpotezei kazi tena. Nikasimama mlangoni kwake, nikampa chuma. Akapapasa ule msalaba kwa kidole, hakulia. Nikamweleza yote, nilivyomwona na maneno ya mumewe jinsi yalivyokuwa. Akaniuliza jambo moja tu.

"Alikutuma lini?"

Mimi, mtu mzima, muumini wa kanisa, nikamtazama machoni nikasema, "Wiki iliyopita, mama."

Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema, "kwa kuwa hukukawia."

Sikufika mbali. Usawa wa ule mgunga, tairi la nyuma likaisha upepo. Nilipoinama kulitazama, lilikuwa kipara, meno yote yameisha. Nikalibandua kwa mpini wa spana, nikaingiza kiganja kama alivyofanya yeye, nikapapasa. Nikatoa msumari uliopinda kichwa.

Walimfukua wakamzika vizuri. Mazishini sikwenda, na mama yule alifariki akiwa bado ananiombea kwa jina. Pikipiki sijapanda tena. Ule msumari nimeutupa mtoni, nimeutupa chooni, lakini baiskeli yangu ikipata pancha, ndio huo. Mwanangu aliponunua gari, pancha ya kwanza tu, fundi alitoka nao mkononi akaniletea mimi, si mwenye gari.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza wapi kuna fundi mwaminifu, wapo. Omba tu asikutume kwa watu wake. Akikutuma, nenda siku hiyo hiyo. Na kama ulichelewa, ukiulizwa ni lini, sema ni lini.